Magurudumu Meupe ya Tonibi

Siku ya kuanua matanga ya mzee wetu Ta Leonidas, kule kwao Izimbya, mjukuu wake Deus alisimama mbele ya watu akasimulia habari ya gari. Nilikuwa nimeketi na wanawake kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, nimepewa punje za kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi, na nilikuwa natia punje ya pili mdomoni alipoanza. Deus mwenyewe ni dereva wa gari la wagonjwa, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Alisema babu yao, ambaye watu wa Bukoba na Muleba walimjua kwa udereva wake, aliwahi kufanya kosa moja la kizembe mno, kosa la kutokulijua gari lake mwenyewe, nusura gari lichukuliwe na yeye afukuzwe kazi. Alisema babu aliwasimulia kosa hilo wajukuu wote, mmoja mmoja, kabla hajamruhusu yeyote kushika usukani. Watu wakacheka kicheko kile cha msibani, cha kumpenda marehemu. Mimi sikucheka. Kosa lile halikuwa la Ta Leo. Lilikuwa langu, na kwa zaidi ya miaka hamsini sikuwa nimemwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Hata kwenye kitubio nilikuwa nasema tu kwamba nilinyamaza pale nilipopaswa kusema, na padri wetu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kudadisi.

Habari za kwetu na za wazazi wangu siziweki hapa, hazihusiki sana. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini, nina cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri za Kiingereza na alama za aibu kwa mengine yote, na nyumbani kulikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa kahawa ambaye alikwisha kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na baba mara mbili akiniposa. Kazi ya ukarani kwenye kituo kimoja cha afya, upande wa Izigo, ndiyo iliyoniokoa. Nilipewa miezi mitano ya majaribio. Nikifaulu, naandikwa kazi ya kudumu. Nikishindwa, mashine ya kukoboa inanisubiri. Nilikuwa nahesabu miezi hiyo kwa vidole kila nikiamka. Siku hizi vijana wakiniambia wamechoshwa na kazi zao, nawasikiliza kwa adabu, lakini moyoni nasema hawa hawajawahi kumwona yule mzee akicheka.

Nilipanga chumba nyumbani kwa dereva wa kituo, ambaye ndiye Ta Leo, na mkewe Ma Georgia. Kilikuwa chumba cha upande wa jikoni, kilichotenganishwa na chumba chao kwa ukuta wa matete uliokandikwa udongo, na udongo wenyewe ulikuwa umebanduka sehemu za juu, kwa hiyo kila kitu kilisikika: kikohozi, sala, na nani kamwambia nani nini. Kitanda changu kilikuwa cha kamba. Dirisha lilitazama migomba, na migomba ilisogea karibu hata majani yakawa yanapapasa ukuta upepo ukivuma. Ma Georgia alipika ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, Ijumaa na samaki, na aliniwekea chakula changu kwenye jani la mgomba lililokaushwa kidogo motoni, akikifunika vizuri ili nikichelewa kisipoe. Nimekula kwenye hoteli za Dar es Salaam na nimekula ng'ambo mara moja, na bado nikiulizwa chakula kizuri ni kipi nautaja mvuke wa jani lile. Ta Leo alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa ameendesha malori ya kahawa kutoka Muleba mpaka bandarini Bukoba kwa miaka mingi kabla ya kuja kituoni. Alikuja Januari, mwezi uleule niliokuja mimi. Na gari pia lilikuja Januari.

Gari lenyewe lilikuwa Tonibi. Hiyo ilikuwa aina ya Kiingereza, ya kijani, fupi, yenye turubai nyuma, na hakukuwa na nyingine upande wetu wote. Lilikuwa limetumika kwenye kituo kingine mbali, likaletwa kwetu bila dereva wake, na ndani ya kijisanduku cha mbele mlikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye jalada la nguo, kurasa kama mia mbili, na turubai dogo jeusi lililokunjwa ambalo hakuna aliyejua kazi yake. Ma Georgia alilichukua lile turubai akaanza kuanikia maharage.

Sasa, wiki ileile tuliyofika, kulikuwa na habari kwamba mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam atapita kukagua vituo vya afya. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, kila mtu anaitwa Ndugu, na kila mtu anashika kitu. Mganga wetu wa kituo, Ndugu Projestus, mtu mwema lakini mwenye hofu nyingi, aliagiza kila kinachosimama kipakwe. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mashina ya miti yalipakwa chokaa. Tangi la maji lilipakwa chokaa. Ile rangi ya mafuta nyeupe iliyobaki kwenye madirisha ya wodi aliagiza ipakwe magurudumu ya gari, ili mgeni aone kituo kinachojipenda. Mimi, kwa kimbelembele cha mtu aliye kwenye majaribio, nikashika brashi. Nilipaka vyuma vyote vinne kwa siku mbili. Katikati ya magurudumu ya mbele kulikuwa na vitu kama vikombe, vyenye mifereji midogo na alama alama, na nilikerwa kuona rangi haikai vizuri pale. Basi nikajaza. Nikajaza rangi mpaka ikawa laini kama yai, ikakauka, nikajaza tena. Ndugu Projestus alipita akasema, karani, una mkono. Nilivimba kichwa siku nzima. Mkubwa mwenyewe hakufika, alipitia njia ya Biharamulo.

Kazi ya kitabu ilianza Februari. Ta Leo hakujua Kiingereza, na alikuwa hapendi kuendesha kitu asichojua maneno yake. Malori ya kahawa aliyajua kwa sauti, alisema, lakini hii Tonibi ina vijiti viwili vya gia na vitaa asivyovielewa, na waliolitengeneza lazima walieleza. Akaniomba, kwa heshima ambayo sikuizoea kutoka kwa mtu wa umri wake, nimsomee. Basi kila jioni jikoni kwa Ma Georgia, kabla ya chakula, tuliketi na daftari la mistari. Nilichora mstari katikati ya ukurasa: upande wa kushoto niliandika kitabu kinasemaje, upande wa kulia sisi tunasemaje. Mimi nilikuwa na Kiingereza, yeye alikuwa na gari, na kati yetu kulikuwa na moshi wa kuni na Ma Georgia akimenya ndizi na kusikiliza kila neno.

Leo, baada ya kupitia vitabu vingi vya magari, naweza kusema kwamba kila kampuni ya magari ni kama ukoo: ina majina yake ya kujipamba kwa vitu ambavyo wengine pia wanavyo. Tonibi hawakusema gia nzito, walisema Hilimasta, bwana wa vilima. Hawakusema gari jipya liendeshwe taratibu, waliandika kurasa tatu juu ya injini na sehemu zake kuzoeana kama maharusi. Nilimtafsiria Ta Leo maneno hayo makubwa kwa madaha, naye alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akasema neno la kuandika upande wa kulia. Klachi lazima iwe na nafasi ya kupumua, upana wa kidole. Choki ni ya kuliamshia asubuhi tu, likiamka uirudishe, maana hata mtu huwezi kumnywesha uji kutwa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama kwanza, sali baadaye. Niliyaandika yote. Nilikuwa nacheka, lakini niliandika.

Tulipofika kwenye lile turubai jeusi ndipo tuliposhindwa kula. Kitabu kilieleza kwamba ni blanketi la rejeta, la kulifunika gari puani wakati wa theluji lisipate baridi. Ta Leo aliuliza theluji ni nini hasa, nikaeleza kadiri nilivyosoma kwenye jiografia. Akageuka akaitazama ile nguo iliyojaa maharage ya mkewe pale mlangoni, akasema Wazungu wanalifunika gari blanketi na Georgia analala bila. Ma Georgia alicheka mpaka akaweka kisu chini. Nakumbuka machozi ya kicheko yakimtoka, na moshi, na harufu ya ndizi mbichi mikononi mwetu. Mtu akiniuliza furaha ni nini nitaanzia pale.

Ukurasa ulioniponza ulikuwa karibu na katikati. Kitabu kilisema Tonibi za umbo letu ni za aina mbili, ya kawaida na ya Hilimasta kamili. Katika ile ya kawaida, ukivuta kijiti kidogo ndani ya gari, magurudumu ya mbele nayo yanapata nguvu, basi. Katika ile ya Hilimasta kamili, kuvuta kijiti hakutoshi. Kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele kuna swichi ya kuzungusha kwa mkono, yenye mshale. Lazima usimamishe gari, ushuke, uzungushe zote mbili, ndipo gurudumu lishikamane na ekseli. Usipozungusha, nguvu inafika mbele lakini gurudumu halina habari, sawasawa na kukanyaga pedeli za baiskeli mnyororo ukiwa umechomoka. Sababu yake ni kupunguza kuchakaa kwa vyuma barabara ikiwa nzuri. Kulikuwa na picha. Ta Leo aliitazama picha ile muda mrefu, akaniuliza kama gari letu lina kitu hicho. Nikatoka nje na kitabu mkononi, nikalitazama gurudumu. Lilikuwa jeupe, laini, halina mshale. Nikarudi nikasema halina. Ni aina ya kawaida.

Akauliza mara ya pili. Alisema anaona kikombe cha kwenye picha kinafanana na kikombe chetu. Na mimi, mwenye alama nzuri za Kiingereza, nilikasirika kidogo. Nilimjibu kwamba ukurasa nimeusoma wote, mshale hakuna, na aina yetu si hiyo. Ni mimi niliyekuwa nimeijaza ile mifereji kwa mikono yangu wiki tano tu kabla, na naapa halikunijia akilini. Nimejiuliza maisha yangu yote inawezekanaje. Nadhani nilikuwa nalitazama gari kwa macho ya kitabu, na kitabu hakikuwa na habari za brashi. Ta Leo akasema sawa, mwana wange, wewe ndiye unayesoma. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: Gari letu ni la kawaida.

Kisha masika yakaja, na upande wetu masika hayana mchezo. Udongo mwekundu wa vilima vya Muleba ukilowa unateleza kama ngozi ya ndizi, na gari la kituo lilikuwa na kazi ya kupeleka chanjo na mhudumu vijijini kila Jumanne na Alhamisi. Likashindwa. Likashindwa kilima cha kwanza, likashindwa cha pili, likawa linasukumwa na wanavijiji mpaka wakatunga maneno ya kulisukumia. Ta Leo alivuta kile kijiti kidogo, akashuka, akaangalia, magurudumu ya mbele yamesimama tu yanatazama matope. Chanjo ziliharibika mara mbili kwa kuchelewa kwenye joto. Mama mmoja alitembea na mtoto mgongoni kutoka bondeni mpaka tulipokwama, akachanjiwa palepale barabarani, akatuambia bila ubaya wowote kwamba safari nyingine tuje kwa miguu, tutafika mapema. Ta Leo hakucheka. Aliporudi nyumbani hakula.

Ndugu Projestus aliandika Bukoba. Mimi ndiye niliyepiga taipu barua. Kwa kuwa gari ni la kawaida, kama karani alivyothibitisha kwenye kitabu, na kijiti kinavutwa na magurudumu hayashiki, basi lazima meno ya gia za mbele yamevunjwa, na aliyekuwa akiendesha tangu Januari ni mmoja tu. Naliona wazo lile sasa lilivyopangika vizuri. Kila hatua ilikuwa sahihi isipokuwa ile ya kwanza, na ile ya kwanza ilikuwa yangu.

Mkaguzi wa magari alikuja mwezi wa Mei, zikiwa zimebaki wiki tatu za majaribio yangu. Alikuwa kijana wa suruali ya kaki na miwani, anaongea taratibu, hana ukali, na hiyo ndiyo ilitutisha zaidi. Alijaribu gari kwenye kilima cha nyuma ya kituo, akaona magurudumu ya mbele hayashiki, akafuta mikono yake kwa leso. Ofisini alimwambia Ndugu Projestus kwamba gari litapelekwa Bukoba kufunguliwa, na asitegemee kuliona tena, kwa sababu kuna wilaya zinazolililia; na dereva aliyevunja gia za mali ya umma haponi kwa barua moja. Niliyasikia hayo nikiwa kwenye mashine yangu, mlango ukiwa wazi. Wakaenda kula kwanza. Ma Georgia ndiye aliyepika, ebitoke kwa samaki, hajui bado kwamba anawalisha wanaomfukuzisha mumewe kazi.

Wakati wanakula, Ta Leo alichukua ndoo akaanza kuliosha gari. Sikumwelewa. Aliniambia gari likiondoka kwake liondoke safi, ndivyo alivyoyarudisha malori yote ya kahawa. Nikaona aibu kukaa tu, nikachukua gunzi la mahindi na mchanga nikaanza kusugua matope ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Matope yalikuwa yamekauka juu ya rangi kwa wiki nyingi. Nilisugua kwa hasira ya kutojua nifanye nini kingine. Kipande cha rangi kikabanduka, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na chini yake kulikuwa na chuma cheusi, na kwenye chuma kulikuwa na ncha ya mshale.

Mawe, mama yangu! Palepale nikakumbuka brashi, ile rangi, Ndugu Projestus akinisifu. Ta Leo alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo. Aliona mshale, kisha akanitazama mimi, na alivyonitazama nikajua ameunganisha yote, maana na yeye alikuwapo siku zile nikipaka. Hakusubiri nijieleze. Alipiga goti, akasugua kile kikombe chote mpaka mshale ukaonekana mzima, akaenda upande wa pili akafanya vilevile, akaleta koleo, akazungusha. Rangi ilipasuka kwa mlio mdogo. Kisha akafuta mikono kwenye suruali akaingia walipokuwa wanakula. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Ndugu Mkaguzi," alisema, "gari halijavunjika. Ni mimi sikulisugua. Kuna kitu kwenye vitovu kilifunikwa rangi, na mimi dereva sikukitafuta. Njoo ulione linavyopanda."

Lilipanda. Lilipanda kilima kile cha nyuma ya kituo kwenye matope yaleyale, magurudumu manne yakiuma udongo, taratibu, bila kuguna, na wagonjwa waliokuwa kwenye baraza wakapiga makofi. Mkaguzi alikubali gari libaki. Lakini alisema hawezi kuondoka hivihivi, dereva asiyejua gari lake kwa miezi mitano lazima apewe barua ya onyo, iingie kwenye faili lake. Aliuliza pia ni nani aliyesoma kitabu na kusema gari ni la kawaida. Ndugu Projestus akanitazama. Ta Leo akajibu kabla yangu kwamba karani alimsomea vizuri aina zote mbili, yeye ndiye aliyemwambia ni la kawaida. Karani hajui magari, alisema, anajua kusoma tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Ilikuwa ndefu vya kutosha, mkaguzi hata alivua miwani akaifuta. Niliona wiki tatu zangu, nikaiona mashine ya kukoboa kahawa, nikanyamaza. Ndugu Projestus alinisomea maneno ya onyo, nami nikayapiga taipu, nakala tatu, bila kukosea hata herufi. Ta Leo akatia sahihi, akaondoka na nakala yake.

Kesho yake asubuhi, kabla jogoo hawajamaliza, nilikuwa macho kitandani nikamsikia Ma Georgia kupitia ukutani. Alikuwa anaongea kwa Kihaya, kwa sauti ya chini ya mtu aliyekasirika na hataki kuamsha watu. Alimwuliza mumewe kwa nini amebeba mzigo wa mtoto wa watu. Miaka yote kwenye malori hakuwahi kupata onyo hata moja, na sasa linaingia kwenye faili kwa ajili ya brashi ya msichana. Nilimsikia Ta Leo akigeuka kitandani.

"Mimi onyo litanichubua tu," alisema. "Yeye lingemmaliza. Na kitabu bado hatujakimaliza, Georgia."

Nililia kwa kujifunika mto. Nilidhani nitatoka nikawapigie magoti wote wawili. Badala yake niliamka, nikanawa, nikaja jikoni, na Ma Georgia akanimiminia uji kama siku zote, labda akikwepa macho yangu kidogo siku ile ya kwanza. Siku ya pili hakukwepa. Sikuwahi kuona kinyongo chao. Nimesoma maneno mengi mazuri juu ya ujamaa, na mengi niliyapiga taipu mwenyewe, lakini kwangu neno lile lina sura ya jikoni mle na kikombe kile cha uji.

Jioni ya ile siku ya kwanza Ta Leo alileta daftari. Nilitaka kulichana lile karatasi la uongo, akanishika mkono. Alisema karatasi likichanwa, atakayekuja baadaye atapaka rangi tena. Nikate tu mstari mmoja juu ya maneno yangu, yaendelee kusomeka, na chini yake niandike atakachosema. Akafikiri, mimi nikisubiri na kalamu, halafu akasema: kabla ya kusema gari halina kitu, lisugue kwanza. Nikaandika. Tukafungua ukurasa uliofuata, uliohusu breki. Tulimaliza kitabu mwezi wa Oktoba, wiki moja kabla ya senene wa kwanza, na nilikuwa nimeandikwa kazi ya kudumu tangu Juni. Mwezi wa Desemba alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa kanisa, na mara ya kwanza nilipotaka kuliondoa gari alinishusha, akanipeleka mbele, akaniwekea mkono juu ya kitovu cha gurudumu. Mshale ulikuwa baridi. Kutoka pale nilipelekwa kozi Dar es Salaam, nikaajiriwa kwenye ofisi ya magari, nikatafsiri vitabu vya magari vya aina nyingi kwa miaka thelathini. Watoto wangu wamesomeshwa na kazi iliyoanzia kwenye daftari lile. Nilirudi kwao mara nyingi, na sukari, na khanga, na kila mara nilikuja na maneno yale kooni na kuondoka nayo.

Basi Deus alipomaliza kusimulia na watu kumaliza kucheka, nilisimama. Magoti yangu hayasimami haraka siku hizi, kwa hiyo watu walipata muda wa kunyamaza. Niliwaambia mimi ni Adventina, niliyekuwa karani na mpangaji wao. Nikawaambia rangi ile niliipaka mimi, kitabu nilikisoma vibaya mimi, na siku ya mkaguzi babu yao alinikinga na mimi nikamwacha anikinge. Nilisema yote, hata lile la ukutani. Nilipomaliza sikujua nikae wapi.

Deus aliingia chumbani akatoka na daftari letu, limefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi, na ndani yake mlikuwa na karatasi lililokunjwa mara nne. Lilikuwa onyo lile, limekuwa la manjano. Akanionyesha kona ya chini kushoto. Kwa desturi ya ofisi za wakati ule, chini ya barua uliweka herufi za aliyesema maneno, mkwaju, kisha herufi za aliyepiga taipu. PM/AK. Niliziweka kwa mazoea tu, nisifikiri kwamba nimeisaini aibu yangu.

"Tulimuuliza sana babu, huyu A.K. ni nani," Deus alisema. "Alikuwa anatujibu, huyo ndiye aliyenifundisha gari."

Ma Georgia, ambaye haoni vizuri tena, alinyoosha mkono kwenye nyasi akitafuta mkono wangu mpaka akaupata. Akanivuta nikae karibu naye, akaniwekea kiganjani punje tatu za kahawa, akaniambia nitafune, maana siku ni ndefu.